Glisando kwenye klarineti: mbona sauti yangu hukatika badala ya kuteleza?

Mwanagenzi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Ninapiga klarineti katika kikundi kidogo cha taarabu hapa Lamu, ambamo kazi yangu kubwa ni kumfuata mwimbaji sambamba na mpiga fidla. Mwenzangu huyo huteleza kidole juu ya uzi, na sauti ikapanda bila ngazi yoyote kusikika. Nikimfuata mimi, kila noti hutoka peke yake, na nikiachia vidole polepole klarineti hupiga ukelele au hunyamaza kabisa. Nimesikiliza mara nyingi mwanzo wa Rhapsody in Blue ya George Gershwin, ambapo klarineti huteleza hivyo hivyo, kwa hiyo najua kwamba jambo hili linawezekana. Je, kasoro iko kwenye vidole, midomo au tete (kile kibanzi kinachotetema mdomoni)? Na nianzie wapi?

Maalim wa Bendi, Malindi

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Vidole vina kazi yao, lakini kazi iliyo ngumu zaidi iko kinywani, hasa kwenye ulimi na koo. Katika noti za juu, klarineti hukubali kuteremshwa kwa kinywa hata nusu toni kadhaa, ilhali kuipandisha noti juu ya kiwango chake kwa njia hiyo huwezekana kwa kiasi kidogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, wakaonyesha kuwa mpigaji hodari hubadilisha umbo la ndani ya kinywa na koo lake mpaka mwangwi wake ukawa na nguvu ya kuivuta sauti kutoka pale ambapo vidole vimeiweka.

Kwa sababu hiyo, mpango wa glisando, yaani kuiteleza sauti, ni kinyume cha wanavyodhani wanafunzi wengi. Vidole hutangulia kupanda, kinywa kikabaki nyuma kikiizuia sauti isipande, kisha kikaiachia kidogo kidogo mpaka ikavifikia vidole. Anayeachia vidole polepole huku kinywa chake kimekaza vilevile atapata noti mojamoja kila siku.

Anza na noti moja tu. Piga C ya juu, ile inayoandikwa kwenye mstari wa pili wa ziada juu ya mistari mitano. Kidole gumba cha kushoto huziba tundu lake na kubonyeza kibonyezo cha nyuma, na vidole vingine vyote huwa wazi. Bila kubadilisha kidole chochote, iteremshe sauti: taya ilegee kidogo, na ulimi utoke kwenye umbo la kutamka "i" uelekee umbo la "o", huku pumzi ikiendelea kwa nguvu ileile. Wengi hulegeza midomo na kuusahau ulimi, na sauti ikapwaya bila kushuka. Ukiweza kuishusha toni nzima na kuirudisha bila kukatika, ndipo uviingize vidole.

Mwanagenzi wa Langoni, Lamu

Ahsante sana, maalim. C imeanza kushuka, ingawa kidogo. Lakini nikianzia noti za chini kabisa na kupanda, kuna mahali katikati, baina ya A na B, ambapo kila kitu huvunjika. Je, inawezekana klarineti yangu ni mbovu? Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika.

Mpulizaji Mstaafu, Shela

Klarineti yako haina ubaya kwa hilo. Kwenye A hiyo karibu vidole vyote viko wazi, na kwenye B inayofuata vyote hufunga kwa mpigo mmoja, na hakuna kidole kinachoweza kuteleza kutoka wazi hadi kufungwa kote. Zumari yetu hapa haina tatizo la namna hiyo, kwani yenyewe ikiingia sauti za juu huruka okteva, yaani hadi noti ya nane, na mpangilio wa vidole ukajirudia, ilhali klarineti, kwa umbo la bomba lake, huruka hadi noti ya kumi na mbili.

Wapigaji wengi hupanda sehemu ya chini kwa skeli ya haraka tu, kisha huanza kuteleza kwenye D ya mstari wa nne. Hapo vidole sita vimefunga. Usiviinue wima, vivute kando, kuelekea kiganja, ili kila tundu lifunguke kama mwezi unavyoandama, ukianza na kidole cha pete cha mkono wa kulia na kumalizia na cha shahada cha kushoto. Kufikia hapo uko kwenye C ile ya maalim, na kinywa ndicho kinachoamua sauti ifike lini. Hata huo mwanzo wa Gershwin uliandikwa kama skeli ya kawaida. Ross Gorman, mpigaji wa okestra ya Paul Whiteman, aliutelezesha kwa mzaha katika mazoezi, mtunzi akaupenda, na ukapigwa hivyo New York tarehe 12 Februari 1924.

Maalim wa Bendi, Malindi

Niongeze kuhusu tete, kwa kuwa swali hilo halikujibiwa. Tete gumu, la namba 3½ au zaidi, litakukatalia. Jaribu 2½ kwanza. Katika unyevu wa pwani yetu, lifute na ulilaze kwenye kibao bapa kila unapomaliza, kwani tete lililopinda hupiga ukelele huohuo unaoulalamikia.

Na kwa taarabu, ndugu yangu, huhitaji kupanda okteva nzima. Ukiingia kwenye noti ya mwimbaji kutoka nusu toni chini yake, kwa ulimi tu na vidole vikiwa vimetulia, utakuwa umemfuata. Mtelezo mrefu uweke kwa ajili ya utangulizi, na hata hapo mara moja yatosha, la sivyo mwimbaji atakununia.