Shemeji anaweka bastola juu ya kabati na wanangu wanataka kwenda kulala kwake, nimwambieje?

Mama Pacha: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana usingizi umenikata. Kaka wa mume wangu ana bastola, leseni anayo kila kitu kihalali, shida anaiweka juu ya kabati la nguo chumbani na risasi zimo ndani, anasema mwizi akiingia hana muda wa kutafuta funguo. Likizo hii wanangu wanataka kwenda kulala kwa baba yao mkubwa, wana miaka 6 na hakuna kitu wasichopanda. Mume wangu ananiambia nikiongea nitakuwa namvunjia heshima kaka yake. Hivi sheria inasemaje kwa mtu kama huyu na mimi nianzie wapi?

Nguli: Wafundishe tu wasiguse, watoto wakikanywa vizuri wanasikia.

Dr Mdogo: Nguli hapana ndugu yangu. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani 2001, watoto wa kiume wa miaka 8 mpaka 12 waliachwa kwenye chumba chenye bastola ya kweli isiyo na risasi ndani ya droo, wengi waliikuta, wengi wa walioikuta wakaishika na wengine wakavuta kabisa triga, na karibu wote walioishika walikuwa wameshawahi kufundishwa usalama wa silaha. Yaani kumkanya mtoto ni vizuri lakini usiweke roho yake hapo. Wa miaka 6 ndo kabisa, anaishika kwa mikono miwili anabonyeza na dole gumba na mdomo wa bastola unakuwa unamwangalia yeye mwenyewe.

Wakili Msomi: Dada sheria inategemea uko nchi gani, ila mwelekeo ni kwamba leseni ni ruhusa ya kumiliki, sio ruhusa ya kuiacha popote. Kanada silaha ikiwa nyumbani lazima itolewe risasi na ifungwe. Japani bunduki kabati lake na risasi kabati lake, yote yana kufuli. Marekani kila jimbo lina lake, Florida walianza 1989, Michigan yao imeanza kazi Februari 2024 na hiyo inamgusa kabisa mtu kama shemeji yako, maana haiangalii watoto wa mwenye nyumba peke yao, inatosha ajue au awe alipaswa kujua kwamba mtoto anaweza kuwepo pale. Mimi nazipenda sheria za namna hii kwa sababu zinamdai mtu afunge kabla damu haijamwagika, kumfunga jela baba mkubwa baada ya msiba hakumrudishi mtoto.

Mzee wa Shabaha: Mimi namiliki miaka mingi na namwambia shemeji yako hivi, kuficha sio kufungia. Watoto wanajua kila kona ya nyumba hata zile wewe umesahau. Anunue sefu ndogo ya namba za siri aifunge na nati ukutani karibu na kitanda, akizoea inafunguka sekunde chache tu, ile hoja ya mwizi inaishia hapo. Na asije akakwambia "nimetoa magazini", yaani kile kibebeo cha risasi, ukaridhika, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na kwa hiyo moja watu wanakufa. Atoe magazini, avute slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma), aangalie chemba kwa macho, ndo afungie, risasi ziwe mbali nazo zimefungiwa.

Bi Mkubwa: Mwanangu kwenye familia aongee mumeo, sio wewe. Na asianze na lawama, aseme "kaka, watoto wanakuja, ile kitu umeifungia wapi?" basi. Akikasirika, watoto wabaki nyumbani na waalikeni wa kwao waje kwenu.

Mama Pacha: Asanteni sana, nimemsomesha mume wangu yote haya hasa hiyo ya chemba, kanyamaza halafu kasema atampigia leo jioni.

Mzee wa Shabaha: Safi. Akikubali sefu, mumeo aulize pia ule ufunguo wa dharura unaokuja nayo anauweka wapi, wengi wanauacha kwenye droo ya pembeni ya kitanda.