Dawa ya meno ya kung'arisha inasaidia meno ya kahawia ya Arusha?

Binti_Usa
Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uelewa maana leo supamaketi nimesimama mbele ya shelfu la dawa za meno mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Mimi nimezaliwa na kukulia Usa River kwa hiyo meno yangu mnayajua, yale ya kahawia, ya mbele juu yana madoa na mistari halafu pembeni kuna weupe kama wa chaki. Nyumbani hakuna anayekushangaa, darasa zima mko hivyo hivyo, ila sasa nimehamia Dar kikazi, nakaa mapokezi, na kila mteja wa tatu lazima aulize "wewe wa Arusha eh?" na wengine wanadhani sipigi mswaki kabisa. Napiga asubuhi na usiku jamani.

Mwezi wa 12 dada yangu anaolewa na mimi ndo mpambe, si mnajua picha. Nimeona aina tatu: ile nyeusi ya mkaa, nyingine ya bluu imeandikwa inang'arisha ukipiga mara moja tu, na kuna ya unga inauzwa mtandaoni wanasema siku 7 meno meupe pee. Ipi nichukue na je ni salama kutumia kila siku? Ya mkaa nilijaribu ya shosti wangu nikahisi kama mchanga mdomoni. Halafu kuna mtu kaniambia niache kabisa dawa zenye floraidi eti ndo iliyoniharibu meno, ni kweli?

Mzee wa Kijiwe
Unapoteza hela bure binti. Saga mkaa, changanya na limao na baking poda kidogo, sugua asubuhi na jioni wiki mbili. Bibi zetu hawakuwa na supamaketi na meno yao yalikuwa meupe kuliko yenu wa siku hizi.

KinywaSafi
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye limao naomba nikupinge kabla binti hajaenda sokoni.

Nafanya kazi kliniki ya meno, hii kesi ya kanda ya kaskazini tunaiona sana. Dada, kabla ya kuuliza dawa ipi uliza kwanza doa limetoka wapi. Kuna madoa ya juu ya jino, ya chai, kahawa, sigara, mirungi, tambuu, hayo yanakaa kwenye utando unaofunika jino na dawa yoyote yenye chembe za kusugua inayapunguza. Na kuna madoa ya ndani, hayo yako ndani ya jino lenyewe. Lako ni la ndani. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi kwa wingi, WHO wanashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna visima na mito inayozidi kiwango hicho kwa mbali sana. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yaani toka anazaliwa mpaka kama miaka 8 hivi, lile gamba gumu la nje la jino, tunaita enameli, halikomai vizuri, linabaki na vitundu vidogo vidogo, na jino likishaota rangi inaingia humo taratibu, ndo ukahawia wenyewe. Kwa hiyo kusugua kwa nguvu ni kama kufuta kioo kwa nje wakati uchafu uko upande wa ndani.

Sasa nije kwenye hizo tatu zako.

Ya mkaa: mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno Marekani lilipitia tafiti za dawa za mkaa likakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinang'arisha wala kwamba ni salama. Huo mchanga uliousikia ndo tatizo lenyewe. Kuna kipimo cha ukwaruzaji kinaitwa RDA, viwango vya kimataifa vinasema dawa ya meno isizidi 250, ila kampuni nyingi hazikiandiki kwenye boksi kwa hiyo mnunuzi hajui anasugulia nini. Enameli ikilika hairudi, na chini yake kuna tabaka la manjano, kwa hiyo unaweza kusugua utafute weupe ukapata umanjano. Nyingine za mkaa hazina floraidi kabisa.

Ya bluu: hiyo haitoi doa, inaacha rangi ya bluu kidogo juu ya jino ili macho yaone umanjano umepungua, baada ya masaa inaondoka. Haina madhara, kwa picha za siku moja mwenye meno ya manjano atafurahi, ila kahawia yako itabaki pale pale.

Ya unga ya mtandaoni: achana nayo. Kama kweli inafanya meno kuwa meupe pee ndani ya siku 7 basi ama inakwangua ama ina blichi ambayo hujui ni kiasi gani. Blichi yenyewe ni haidrojeni peroksaidi, nchi za Umoja wa Ulaya dawa ya dukani inaruhusiwa 0.1% tu, kuanzia hapo mpaka 6% lazima ipitie kwa daktari wa meno na hairuhusiwi kupewa mtu chini ya miaka 18. Sasa wewe unaletewa kikopo na bodaboda hakina hata jina la kiwanda! Angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe ya kuisha, na orodha ya vilivyomo. Kisichokuwa na orodha usikiweke mdomoni.

Kuhusu kuacha floraidi, hapana. Iliyokutia madoa ni ile uliyomeza utotoni. Meno yako yameshakomaa, dawa unayopiga na kutema leo haiwezi kuyaongezea doa hata moja, na meno yenye vitundu yanaweza kutoboka kama mengine. Tumia ya kawaida ya mtu mzima, kwenye boksi kiasi cha floraidi utaona kimeandikwa ppm 1000 mpaka 1500. Brashi laini, dakika mbili, ukimaliza tema usisukutue na maji mengi.

Mzee wa Kijiwe
Marahaba. Lakini bibi zetu je?

KinywaSafi
Bibi zetu mzee hawakuwa na soda wala biskuti, na mswaki wa mti waliutafuna muda mrefu bila haraka. Mkaa uliwatoa madoa ya juu, sikatai. Limao ndo sikubali, ni asidi, inalainisha enameli halafu hapo hapo unasugua na mkaa, unaondoka na gamba. Hata ukila tu chungwa au embe bichi subiri kama nusu saa au zaidi ndo upige mswaki.

Mmeru Halisi
Pole mdogo wangu, mimi wa Maji ya Chai, nimepita njia hiyo yote. Kilichonisaidia sio dawa ya dukani. Nilienda kwa daktari wa meno akanisafisha kwanza ugaga, baada ya hapo akapaka kitu chenye asidi kidogo na kusugua yeye mwenyewe tabaka jembamba sana la juu, fizi ameziziba na mpira zisiungue. Madoa mepesi yakaondoka pale pale, yale mazito yakafifia. Kisha akanipa vifuko vya plastiki vya kuvaa usiku vyenye blichi. Siku za mwanzo nilitaka kulia maana madoa meupe ya chaki yalionekana zaidi kuliko mwanzo, daktari akasema ni kawaida, jino limekauka, subiri, na kweli yakatulia. Ganzi ilikuwepo, maji ya baridi yalikuwa adui, akanibadilishia dawa ya meno ya ganzi mpaka ikaisha.

Kwa mwenye kahawia nzito yenye vishimo njia hiyo haitoshi, wanamfunika kwa kujazia kitu cha rangi ya jino kwa mbele. Hapo bei ni kwa kila jino kwa hiyo uliza kabla hujakaa kwenye kiti, na uliza kama atachonga jino lako au la, maana likichongwa limechongwa. Usikubali kuchongwa na wale wa saluni wanaoweka "meno ya nyota", wengi sio madaktari.

Mama Nuru
Nimedandia uzi samahani. Mimi bado niko huku huku Arumeru, mwanangu ana miaka miwili na nusu, sitaki apitie haya. Nachemsha maji sana, inatosha?

KinywaSafi
Mama Nuru kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haitoki, maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu inazidi. Njia inayojulikana huko ni chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika nalo miaka mingi, waulizieni. La sivyo vuna maji ya mvua kwa ajili ya mtoto, hayo yanakuwa na floraidi kidogo sana, paa liwe safi na ya mwanzo uyamwage. Punguza na magadi kwenye maharage na makande, mengi ya huko nayo yana floraidi. Dawa ya meno mpakie wewe mwenyewe, kiasi cha punje ya mchele, akifika miaka mitatu iwe kama punje ya njegere, umfundishe kutema. Zile zenye ladha ya pipi zifiche, watoto wanazilamba.

Binti_Usa
Asanteni sana wapendwa. Kwa hiyo nachukua ya kawaida ya floraidi na naenda kuonana na daktari. Swali moja tu, harusi mwezi wa 12, nianze lini?

Mmeru Halisi
Anza sasa hivi. Blichi ya usiku inachukua wiki kadhaa, kwa meno yetu haya hata zaidi, na rangi inahitaji muda itulie kabla hujajaziwa chochote. Ukienda wiki ya harusi utasimama kwenye picha una ganzi, umefunga mdomo.

KinywaSafi
Na kama una jino bandia au lililojazwa hapo mbele mwambie daktari mapema, blichi haibadilishi rangi ya hilo.