Nimetimiza miaka 50, daraja limeniua kibiashara. Nianze upya au nirudi Ukerewe?

MamaKarai (mleta uzi)
Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Mnisome hadi mwisho maana huwa napita tu kusoma, mambo yangu sijawahi kuandika huku.

Mwezi huu nimetimiza 50. Nimezaliwa 1975 Ukerewe, la saba nimemaliza 1990, baada ya hapo kulima mihogo na kusubiri kuolewa. Mei 1996 ilipozama MV Bukoba nyumbani tulikaa muda mrefu hakuna anayetaka kugusa samaki, mama akiletewa anampa paka. Nikajiapiza sitaishi kwa kutegemea maji. 2001 huyo nikashuka Kigongo kivukoni na karai moja la kukaangia sato, na pale pale nimekaa miaka 24.

Kwenye hiyo miaka nimeona mengi. Gugumaji limekuja limeziba mpaka mitumbwi haitoki, likapungua, likarudi. Vichwa vya sangara na mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani, tulikuwa tunakula sisi maskini, leo bondo lake tu, kile kifuko cha hewa cha tumboni, bei yake huwezi kuitamka mbele ya mtoto. Tulipanga foleni kupiga simu, saiv mteja ananilipa kwa namba akiwa ndani ya basi. Nimekaangia abiria wa MV Sengerema, ikaja MV Misungwi, mwisho MV Mwanza.

Halafu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likafunguliwa. Kilomita 3, gari inapita dakika chache. Kesho yake nilikaanga sato 40 kama kawaida, nikauza watatu, wawili walinunuliwa na mafundi waliokuja kuchukua mabati yao. Silichukii daraja msinielewe vibaya. 2014 mdogo wangu alishikwa uchungu Busisi usiku, upepo mkali, kivuko hakitoki, tulikaa gatini mpaka kunakucha na mtoto hatukumpata. Kwahiyo daraja nalitaka. Lakini saiv nakaa chini nasikia basi zinapita juu, dereva ambaye nimemkaangia miaka 12 hata honi hapigi.

Swali langu: nina milioni 14. Niingie kufuga sato kwenye vizimba ziwani, nifungue genge Usagara au nirudi Ukerewe kwenye shamba la wazazi? Mama alikufa na 81, nikifuata nyayo zake bado nina miaka 30 ya kula, nitakula nini?

Ngosha Mpole
Mwadila mama. Pole sana. Rudi Ukerewe, ardhi haijawahi kumfukuza mtu.

Shemeji wa Taifa
Fungua kigrosari chini ya nguzo ya daraja, wateja watashuka kwa kamba

Dagaa Kauzu
Dada yangu hayo ya kuamka asubuhi kazi haipo mimi nayajua. 1999 nilikuwa kuli wa sangara hapa Mwanza, tunapakia samaki wa kwenda Ulaya, siku moja wazungu wakagoma kununua samaki wa ziwa letu lote kisa kuna watu wanavua kwa sumu. Kiwanda kikatwambia nendeni nyumbani mtaitwa. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi minne, nikaenda Kirumba mwaloni kuanika dagaa za watu juani kwa ujira wa kopo, mke wangu alikuwa ananicheka natoka sangara narudi dagaa. Mwezi wa kwanza nilinuka mpaka mtoto ananikataa. Leo nina gari mbili zinapeleka dagaa Kahama na Tabora. Ila sikuwa na 50, nilikuwa na 27, mgongo ulikuwa wangu.

Mwl Chaki
Uzi mzuri huu. Vijana hamjui tulikotoka. Mwaka 1993 nimepangiwa kazi Dar, nimetoka Mwanza kwa basi likapita Sirari, Nairobi, ndo unarudi Tanzania kwa Namanga, kwenda mji mkuu wa biashara wa nchi yako unapitia nchi ya watu! Ukikataa basi unapanda treni unaoza humo. Sasa nimestaafu, naona wenzangu walichukua mafao wakanunua Noah, wakaoa. Wameisha. Mama tulia na Mungu wako, umri huo sio wa kukimbizana na hela.

Bi Mkubwa wa Igoma
Mwalimu 50 sio uzee jamani, mimi 50 ndo nilianza kozi ya ushonaji. Ila dada, nikuulize kitu usikasirike. Kukaanga sato miaka 24 na kusomesha, milioni 14 umeipataje? Nami nauza chakula najua kinachobaki.

MamaKarai
Ni akiba.

Bi Mkubwa wa Igoma
Akiba yako?

MamaKarai
Sehemu yangu na sehemu ya kikundi. Sisi wanawake wa gatini tuna kikoba, tupo 23, mimi mweka hazina tangu 2016 na haijawahi kupotea hata mia. Tunavunja Desemba. Yangu ni milioni 5 na hiyo 9 ni ya kikundi. Nilitaka kuizungusha tu, Desemba inarudi na faida, kila mtu anafurahi.

Ngosha Mpole
Weeee

KijanaWaLuchelele
Hapo sasa ndo uzi umeanza

Bi Mkubwa wa Igoma
Nilijua. Na wenzako wanajua? Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na watu watatu tofauti wenye funguo, umefunguaje peke yako?

MamaKarai
Kivuko kilipokufa watu walitawanyika. Mmoja alihamia kwa mwanae Sengerema akaniachia ufunguo akasema hana haja ya kusafiri kila wiki. Wa pili kaenda kuuza maji migodini Geita, naye kaacha. Kwahiyo zote tatu ninazo, ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Sikuiba. Mtu akikuachia ufunguo si amekuamini? Na hela ikilala kwenye sanduku inazaa nini, wenzangu wenyewe hawana kazi, mimi nawatafutia. Fundi wa vizimba nimeshampa kianzio milioni 4, hiyo ni yangu kabisa naomba msinihukumu kwa hiyo.

Mwl Chaki
Kuaminiwa ni deni mama.

KijanaWaLuchelele
Mwalimu weka chaki chini kidogo. Mama mimi nafuga vizimba huku Luchelele mwaka wa tatu nikupe hesabu bila kukuficha. Leo Septemba. Kifaranga cha sato ukikimwaga leo kinataka miezi 6 mpaka 8 kufika nusu kilo ya kuuzika. Desemba utakuwa na visamaki vya kiganja. Kwahiyo hiyo "Desemba inarudi na faida" haipo kabisa, hata kama kila kitu kitaenda sawa, na ziwani kila kitu hakiendi sawa. Chakula ndo kinakula hela, kizimba unajenga mara moja lakini mifuko ya chakula ni kila wiki na ukipunguza wanadumaa. Halafu kuna siku maji yanageuka, ya chini yanapanda juu hayana hewa, unaamka asubuhi samaki wote wameelea matumbo juu. Mwaka jana jirani yangu alipoteza vizimba viwili usiku mmoja, alikaa kwenye mtumbwi anawaokota na beseni haongei na mtu. Na vibali, umeenda NEMC wale wa mazingira? Bonde la maji je? Huyo fundi kakwambia au kachukua kianzio tu?

MamaKarai
Alisema vibali ni baadae.

KijanaWaLuchelele
Baadae ndo faini mama.

Mpelelezi Huru
Nimesoma nikacheka. CHAI HII. Account imefunguliwa juzi. Na amejikaanga mwenyewe: kasema kakaangia abiria wa MV Mwanza pale Kigongo. MV Mwanza ni meli ya abiria 1,200 imejengwa hapa mjini Mwanza South, haijawahi kubeba basi la Sengerema. Mtunzi yuko Dar anakula chipsi. Sukari kidogo tafadhali.

Shemeji wa Taifa
Haaa, nilikuwa nishaanza kumchangia

Ngosha Mpole
Nilitoa machozi ya bure kwenye yule mtoto wa 2014

Dagaa Kauzu
Mpelelezi punguza mwendo. Ile meli ni MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Kivuko cha MV Mwanza ni kingine na kilikuwa pale pale Kigongo na Busisi, nimekipanda na dagaa zangu mara nyingi.

Mpelelezi Huru
Sawa hilo nimekosea. Ila mtu wa Dar anaweza kugoogle vivuko. Mleta uzi kama kweli ulikuwa pale tupe kitu ambacho google haina.

MamaKarai
Kijana naandikia simu ya binti yangu ndo maana unaona mpya. Unataka kitu cha pale, haya.

Kivuko kikitoka Busisi hukioni vizuri asubuhi kwa ukungu, unasikiliza. Kikibeba malori mlio unakuwa mzito unavuta, malori hayali, dereva na utingo wake basi, unatia samaki wanne. Ukisikia mlio mwepesi jua ni basi na watu wa miguu, unatia 15 kwa mafuta yaliyokwisha kuchemka, ukichelewa wanatoka wabichi na ukiwahi wanakauka. Kufika gatini lango linagonga zege mara mbili, la kwanza kubwa la pili dogo. La pili likigonga sinia liwe kichwani. Mguu wangu wa kushoto una kovu la mafuta la 2009 kwasababu nilikimbilia la kwanza. Na mpaka leo daraja likiwa juu yangu nikisikia lori linapita nahesabu samaki. Juzi nimejikuta nimetia wanne.

Bi Mkubwa wa Igoma
Mpelelezi umeridhika?

Mpelelezi Huru
Samahani mama.

Bi Mkubwa wa Igoma
Sasa dada tuache kivuko turudi kwenye kopo. Una wanawake 23, kikundi kina katiba, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Kwanini unataka kuingia ziwani peke yako usiku na hela yao wakati unaweza kuingia nao mchana? Waite. Na nijibu moja tu: sanduku lina 9 kamili leo?

*(siku mbili kimya)*

Shemeji wa Taifa
Mama yuko wapi au amekimbilia Ukerewe na kopo

Dagaa Kauzu
Acha ujinga wewe

MamaKarai
Nipo. Haina 9. Inapungua laki saba, nililipa chumba na ada ya mdogo mwezi wa saba, nilipanga kurudisha.

Leo asubuhi nimefunga kufuli zote tatu. Ufunguo mmoja nimeufunga kwenye kitambaa nikapanda juu barabarani kwa miguu, mara ya kwanza tangu lifunguliwe, nikasimamisha basi la Sengerema. Halikusimama vizuri lilipunguza tu, nikamrushia konda amfikishie mwenzangu wa Sengerema. Dereva ni yule wangu wa miaka 12, akacheka akauliza mama sato wako wapi. Wa Geita nimempigia anakuja Jumapili. Kuhusu kikao wameshakubali. Kuhusu laki saba bado sijasema. Fundi wa vizimba namtafuta anirudishie hata nusu.

KijanaWaLuchelele
Sema kabla ya Jumapili mama, kabla hawajafungua wao.

MamaKarai
Nitasema Jumamosi.

Shemeji wa Taifa
Na huyo dereva umemjibu nini, sato bei gani saiv?