Utafiti wa uvutano na ugasumaku wa dunia: uzamivu, taasisi ya serikali au kampuni ya madini?

Chipukizi

Wanajukwaa, habari zenu. Nimekaribia kumaliza shahada ya uzamili katika jiofizikia, na nimekwisha kuamua kwamba nitajikita katika uvutano na ugasumaku wa dunia. Ninachoshindwa kuamua ni mahali pa kuifanyia kazi hiyo. Nafasi ya kwanza ni masomo ya uzamivu yanayotumia data za setilaiti. Ya pili ni ajira katika taasisi ya serikali ya jiolojia, ambako ningeanza na upimaji wa ardhini. Ya tatu ni mkataba na kampuni inayotafuta madini, yenye mshahara mkubwa kuliko hizo nyingine. Naomba waliopita njia hizi wanieleze kazi yenyewe ilivyo siku hadi siku, na kama mtu anaweza kubaki mtafiti akiwa humo.

Mpimaji

Ndugu Chipukizi, nilifanya kazi kampuni kwa miaka sita kabla ya kuhamia taasisi ya serikali, kwa hiyo nitalinganisha hizo mbili na kuwaachia wenzangu suala la setilaiti.

Kampuni itakufundisha haraka kuliko darasa lolote. Utajifunza kusawazisha gravimita, yaani chombo cha kupimia uvutano, upepo ukivuma, kurudi kwenye kituo cha msingi kila baada ya saa moja au mbili ili ujue usomaji wa chombo umehama kwa kiasi gani, na kuheshimu vimo vya vituo kama mhasibu anavyoheshimu vitabu vyake. Ukikosea kimo kwa mita 1, umekosea uvutano kwa takriban miligali 0.3 (miligali ni kizio kidogo cha uvutano), na madini unayoyatafuta huenda yasibadilishe uvutano hata kwa kiasi hicho. Niliwahi kukesha na mwenzangu kwa sababu ya vituo vinane vilivyosomeka juu kuliko jirani zake. Tulikuwa tumekwisha kuchora mwamba mzito chini yake, na ramani ilipendeza. Alfajiri tuligundua kwamba aliyenakili vimo alikuwa amerudia mstari mmoja, na kila kituo kilichofuata kikabeba kimo cha jirani yake. Tuliufuta ule mwamba.

Kisichopatikana kampuni ni muda. Mwenye leseni ya madini anataka kujua kama pachimbwe au pasichimbwe. Akishajibiwa, faili limefungwa na data ni mali yake. Nina misimu miwili ya vipimo ambavyo naamini vinaonyesha ufa wa kale ambao haumo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na siruhusiwi kuvichapisha. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Katika taasisi ya serikali mshahara ulipungua na vyombo ni vya zamani, lakini ramani ninayoitoa husomwa na kila anayeihitaji.

Mlinzi wa Kituo

Naongeza upande ambao mara nyingi husahauliwa, nao ni vituo vya kudumu vya ugasumaku, ambavyo kwa kawaida huwa chini ya taasisi za serikali au vyuo vikuu. Ugasumaku juu ya uso wa dunia huwa kati ya nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 25,000 na 65,000 hivi, na katika siku moja tulivu hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla kwa sababu ya mikondo ya umeme iliyo katika anga ya juu. Sisi tunatafuta mabadiliko madogo yanayotoka kwenye kiini cha dunia, yanayojikusanya mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana jengo letu halina msumari wa chuma, na kabla ya kuingia kupima kwa teodolaiti (chombo cha kupimia pembe) isiyo na sumaku, mtu huacha nje mkanda, funguo na saa.

Kazi hii ni ya polepole, na makala za kisayansi huwa chache. Lakini nguzo ninayopimia leo ilipimiwa na watu waliostaafu kabla sijaajiriwa, na thamani ya usomaji wangu inatokana na wao. Modeli ya kimataifa ya ugasumaku husahihishwa kila baada ya miaka 5 kwa kutumia vipimo vya vituo kama hivi pamoja na vya setilaiti. Modeli nyingine, inayotumiwa na mabaharia na marubani, ilibidi irekebishwe kabla ya wakati wake mwanzoni mwa 2019, kwa sababu ugasumaku wa kaskazini ulikuwa umebadilika kwa kasi kuliko ilivyotabiriwa.

Msoma Setilaiti

Mimi niko katika njia ya uzamivu. Setilaiti pacha za GRACE, zilizopima uvutano wa dunia kutoka angani, zilirushwa 2002 na kufanya kazi hadi 2017. Warithi wake, GRACE-FO, walirushwa 2018. Mbili hufuatana zikiwa takriban kilomita 220 kutoka moja hadi nyingine, na mabadiliko ya umbali huo hupimwa kwa mikromita. Maji yakipungua chini ya bonde pana, uvutano wa hapo hupungua, na sisi tunaona. Ninachoomba ukielewe mapema ni kwamba tunaona maeneo ya mamia ya kilomita; hatuwezi kumwambia mtu habari za kisima chake.

Siku yangu ni kuandika programu, kuondoa athari za kujaa na kupwa kwa bahari na za anga katika data, na kuandika maombi ya ufadhili. Baada ya uzamivu, mikataba mingi ni ya miaka miwili au mitatu. Lakini swali ninalolitafiti ni langu mwenyewe, na hilo sitalibadilisha kwa mshahara wowote. Hata hivyo sijawahi kushika gravimita, na ninapokutana na data za ardhini najua kuna jambo ninalolikosa.

Mpimaji

Jambo hilo nadhani nalijua. Anomalia moja ya uvutano, yaani tofauti na uvutano unaotarajiwa mahali hapo, inaweza kuelezwa na maumbo mengi yasiyo na idadi: kitu kizito kilicho chini sana, au kitu kipana chenye uzito wa wastani kilicho karibu. Hesabu peke yake haichagui. Kampuni, pamoja na lawama zangu zote, huleta mashine ya kutoboa, na baada ya wiki chache unashika mkononi kipande cha mwamba uliouchora. Mara tatu za kwanza nilikuwa nimekosea, na hayo ndiyo mafunzo ya utafiti niliyoyathamini kuliko yote.

Na data za kampuni si lazima zife. Kreta ya Chicxulub nchini Meksiko, shimo kubwa lililoachwa na kimondo, ilitambuliwa na Glen Penfield na Antonio Camargo kutokana na vipimo vya sumaku na uvutano vya kampuni ya mafuta ya Pemex. Walieleza mkutanoni mwaka 1981, ingawa ilichukua takriban miaka kumi zaidi wanasayansi wengi kuzingatia.

Chipukizi

Shukrani nyingi, wakuu. Nikianza na misimu miwili ya kampuni kisha nikaomba uzamivu, nitakuwa nimechelewa?

Msoma Setilaiti

Hutachelewa. Mimi ningekupokea kwa furaha kuliko mtu aliyetoka darasani moja kwa moja. Endelea tu kuandika programu, na usiache hisabati ipate kutu.

Mpimaji

Kabla ya kutia saini, omba kiandikwe kifungu kinachotaja baada ya miaka mingapi data zinaweza kuchapishwa. Mimi sikuomba.