Naomba ushauri: kupiga "Die for You" ya Antique kwa udi

Habari zenu wakuu. Naishi Göteborg, Sweden, na rafiki yangu mwenye asili ya Ugiriki anaoa karibuni. Ameniomba nipige udi kwenye wimbo wa Antique, "Die for You", wakati dada yake na binamu yake wakiimba.

Kwa wasiowajua, Antique ni Helena Paparizou na Nikos Panagiotidis, watoto wa Kigiriki waliokulia hapa hapa Sweden. Mwaka 2001 waliiwakilisha Ugiriki kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, mjini Copenhagen, wakawa wa tatu nyuma ya Estonia na Denmark. Ugiriki haikuwahi kufika juu hivyo kabla. Helena alirudi peke yake 2005 akaunyakua ushindi, ila mimi bado naona huu wa mapenzi ndio mtamu zaidi.

Sasa shida: wimbo umebebwa na bouzouki, ala ya Kigiriki yenye nyuzi za chuma zilizopangwa jozi jozi, sauti kali inayokata juu ya midundo ya disko. Udi wangu ni wa taarabu, sauti nzito, nikipiga kwa kasi ile inamezwa kabisa na ngoma.

Mnaopiga udi kwenye harusi, nifanyeje? Nipunguze mwendo uwe wa taratibu, au niache kasi ile ile nipige vipande vichache tu kati ya beti? Na maikrofoni mnaiweka wapi? Bwana harusi anataka watu wacheze, asije akanilaumu.