Chanjo ya homa ya mafua kwa mjamzito: achomwe mapema au asubiri?

Mdadisi: Wakuu, kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na virusi, huvuka kondo kwenda kwa mtoto kwa wingi zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Sasa achomwe mapema za nini, na nguvu ya chanjo hushuka baada ya miezi kadhaa? Si asubiri, mtoto azaliwe na akiba ya kutosha?

Kauzibe: Asubiri huku msimu wa homa umeshaingia? Mlipuko wa H1N1, ile homa ya nguruwe, wa 2009 mmeusahau? Marekani wajawazito walikuwa kama 5% ya waliokufa, na wao ni kama 1% tu ya watu wote. Mama kwanza.

Mtu Huru: Mjamzito kinga yake imelala. Mnamtoboa bure.

Mama Pacha: Imelala wapi? Wewe umebeba mimba lini?

Mtu Huru: Hoja haina jinsia, dada.

Mama Pacha: Hoja gani? Hilo ni tamko la kijiweni.

Kauzibe: Kinga hailali, inajipanga upya. Wajawazito wakichanjwa wanatengeneza kingamwili vizuri tu, wiki mbili hivi zinatosha. Afrika Kusini walifanya jaribio, matokeo yalitoka 2014 kama sikosei: homa ilipungua karibu nusu, kwa mama na kwa kichanga.

Mtu Huru: Nusu! Huo mwavuli una tundu.

Mama Pacha: Basi tembea na mvua. Mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi homa ya mafua, unataka ajikinge na nini? Hayo maoni yako?

Mpita Njia: Jamani, si kuna utafiti wa Marekani uliosema chanjo inaharibu mimba?

Kauzibe: Ule wa 2017. Uliona uhusiano kwa waliochanjwa misimu miwili mfululizo. Ukarudiwa kwa wanawake wengi zaidi, 2019 majibu yakatoka: uhusiano haupo. Huu wa pili hausambazwi, hautishi mtu.

Mdadisi: Swali langu lilikuwa mapema au mwishoni...

Mtu Huru: Muulize Mama Pacha, ndiye profesa wa matumbo.

Mama Pacha: Afadhali profesa wa matumbo kuliko wa kubahatisha. Mdadisi, WHO wanasema hatua yoyote ya mimba. Homa ikiwa imeshaanza kuzunguka, unangoja nini?

Mpita Njia: Na ile ya kupuliza puani?

Kauzibe: Ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa, mjamzito hapewi. Yake ni ya sindano, haina kirusi hai.

Mtu Huru: Mmeona? Kumbe kuna inayokatazwa!

Mama Pacha: Ndiyo maana anapewa nyingine, ndugu yangu. Soma taratibu.