Fundi kaniambia "shika usukani kama wanaume wenzako" (mnamjua)

Wakuu, niko Kibirizi, Kigoma, mkono unatetemeka. Huyo fundi simtaji, wote mnamjua. Yule wa "kesho asubuhi", ambayo haijafika tangu meli ya Liemba ishushwe majini 1915.

Otopailoti ya boti yangu (mtambo unaoshika usukani wenyewe) inashika njia dakika tano, inapiga kelele, inaandika haioni dira. Nikamwita. Kachomoachomoa plagi, kasema kompyuta imekufa, ninunue mpya. Nikauliza, umepima? Mbele ya abiria wangu wa Gombe, mdomo umejaa mgebuka, ananijibu: "Mzee, shika usukani kama wanaume wenzako."

Mgebuka WANGU. Nimemnunulia mimi!

Kaondoka na 80,000. Nikazima umeme, nikatoa mita, nikapima mwenyewe kati ya waya mweupe na wa bluu. NMEA 2000, mtandao wa waya unaounganisha vifaa vya boti, inataka omu 60, kwa sababu kila ncha ya waya mkuu ina tamineta (kizibo chenye ukinzani) ya omu 120. Napata 120. Tamineta moja haipo! Naenda kule mbele, ncha imeviringishwa solotepu nyeusi kama kidole cha mgonjwa. Kaing'oa yeye, halafu NISHIKE USUKANI? Mdomo umejaa mgebuka?

Bibi Dagaa: Kwa hiyo uliushika au hukuushika? Tupe mrejesho.

Mwanaujiji: 80,000 na samaki juu. Ungemwongezea na boti.

Kusi Kali: Spika ya redio iko mbali na dira? Sumaku ya spika inaipotosha.

Mleta uzi: Nani kauliza spika? Nimesema MGEBUKA.

Kusi Kali: Spika isingekula mgebuka wako.

Mzee wa Tarehe: Rekebisha. 1915 ilikuwa Götzen. Jina la Liemba limekuja 1927.

Mwanaujiji: Huyu naye katokea wapi 😂

Bibi Dagaa: Fundi huyohuyo kagusa jenereta yangu. Sasa nikiwasha, friji linalia kama mbuzi wa Idd.

Mnyamwezi Halisi: Nyie mna ziwa mnalia. Mimi hapa Tabora, TABORA jamani, nimeuziwa asali ya maji ya sukari. Kwenye mji wa asali!

Mwanaujiji: Umeonja kabla ya kulipa?

Mnyamwezi Halisi: Niliona aibu, alikuwa ananiita shemeji.

Mleta uzi: Wakuu, tamineta yangu?

Bibi Dagaa: Shemeji wa asali, lita umeuziwa bei gani? Nina safari ya Tabora Jumamosi.